Kabla hujaweka hela yako SACCOS, muulize aliyejitoa

Huku Mbozi, mkoani Songwe, hela ya kahawa huja kwa msimu, na isipopata pa kukaa, mvua zikianza haipo. Matawi ya benki yako Vwawa na Mlowo, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inauma. Ndiyo maana wengi wetu tunatafuta SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, kilicho karibu.

Mimi nilianza vibaya. Niliweka kwenye kikundi ambacho hakikusajiliwa popote, na siku ya kugawana hapakuwa na cha kugawana. Zilikuwa hela za mabati. Bado zinaniuma.

Mara ya pili nilianzia halmashauri, kwa afisa ushirika. Yeye anavijua vyama vilivyosajiliwa wilayani. Tangu ije Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, SACCOS lazima iwe na leseni, nayo hutolewa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kama ni VICOBA, vile vikundi vidogo vya kuweka na kukopa, ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii.

Ukishapata jina, nenda ofisini kwao. Omba kuona leseni, masharti ya chama na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita. Wakikuzungusha kwa hilo, ondoka.

Halafu watafute wanachama. Aliyekopa juzi atakusifia chama; wewe mtafute aliyejitoa. Alirudishiwa akiba yake? Alisubiri miezi mingapi? Uliza pia hisa ni nini na akiba ni nini, maana hisa kwa kawaida huwezi kuzichukua ukiwa bado mwanachama. Vyama vingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, lakini kwa wadhamini. Jirani akikuomba umdhamini, jua kwamba akishindwa kulipa, akiba yako ndiyo itakatwa. Mama zangu, hili tulielewe kabla ya kusaini, hata kama anayeomba ni shemeji.

Hela ya dharura usiiweke huko. Bodi ya Bima ya Amana inakinga amana za benki, SACCOS haimo. Hiyo mimi naiweka kwa wakala wa benki hapa sokoni. Namba ya siri naibonyeza mwenyewe, na siondoki dirishani mpaka ujumbe uingie kwenye simu yangu. Ya mbolea ndiyo iko SACCOS, na kila ninapoweka, karani anaandika kwenye kitabu changu nikiangalia.