Kulala baada ya kubadilishwa nyonga, kwa sisi wa nchi ya baridi

Mama yangu alibadilishwa nyonga ya kulia mwaka jana mwishoni mwa mwezi wa tano, kwa hiyo anaruhusiwa kutoka hospitali na baridi ya Mbeya nayo ndo inaingia. Ana miaka 67, nyumba yake iko Tukuyu ila nilimleta kwangu Uyole ili niwe karibu. Sasa sisi Wanyakyusa asubuhi mtu mzima unamsalimia "mugonile", yaani mmelala, na wiki mbili za mwanzo kila nikimwamkia hivyo ananijibu "nimelala wapi mwanangu, nimekesha". Oparesheni watu wanaiogopa bure, pale si unachomwa sindano unaamka ishaisha. Shughuli iko usiku, nyumbani, wakati manesi hawapo.

Kwanza uelewe kwanini analazwa kwa masharti. Nyonga ya bandia ni kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe, na nyama na mishipa inayokishikilia imetoka kupasuliwa, haijashika vizuri, kwa hiyo mguu ukikaa vibaya kile kichwa kinaweza kuchomoka. Kama walipasulia nyuma, upande wa tako, masharti huwa matatu: asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asivushe mguu ule kwenda upande wa pili, asigeuze vidole vya mguu kuangalia ndani. Kama walipasulia mbele masharti ni mengine, hapo kibaya zaidi ni kuupeleka mguu nyuma na kuugeuza kwa nje. Kwa hiyo kabla hamjaondoka wodini uliza, "dokta, mmepasulia wapi, na haya masharti ni ya muda gani?" Wengi wanasema wiki 6, wengine mpaka 12, na siku hizi kuna madokta wanaolegeza mapema. Nitakayoeleza hapa ni ya waliopasuliwa nyuma kama mama, na dokta wako akikwambia tofauti fuata ya kwake.

Sasa ngoja nikwambie kitu ambacho sisi kilitugharimu usiku kama mitatu hivi kukigundua. Nilikuwa namlaza mama vizuri kabisa, chali, mito mahali pake, narudi saa nane usiku nakuta mto uko chini na yeye amejikunja kama jongoo, magoti yanakaribia kifua. Nikamgombeza kidogo, Mungu anisamehe. Akasema "baridi inanikunja, sio mimi". Na kweli, mtu akisikia baridi usingizini mwili unajikunyata wenyewe, na kujikunyata ndo mkao ule ule uliokatazwa. Tangu siku hiyo nikaacha kupigana na mama nikapigana na baridi.

Blanketi moja zito la kilo nyingi usimwekee, linabana vidole vya mguu na kuvilaza upande, na mguu mzima unafuata, halafu hawezi kulisogeza peke yake. Weka mawili mepesi, na pale miguuni usichomekee chini ya godoro, acha yaelee. Mimi nilichukua boksi tupu la sabuni nikalikata pembeni nikaliweka miguuni kwake ndani ya blanketi kama kibanda, vidole vinapumua chini yake. Mvalishe sweta na kofia ya sufu, kichwa kikiwa na joto mtu anatulia. Soksi avalishwe na mtu, asijaribu kuinama mwenyewe, na ziwe zenye mpira chini maana soksi za kawaida kwenye sakafu ya saruji ni kuteleza tu. Kama amepewa zile soksi za kubana za kuzuia damu kuganda, uliza kama anazivua usiku au hazivui. Chupa ya maji ya moto inasaidia, ifunge kwenye kanga, weka upande wa mguu usiopasuliwa, sio kwenye kidonda, kwa sababu ngozi ya pale huwa ina ganzi na ataungua bila kusikia.

Na jiko la mkaa lisiingie chumbani. Najua huku kwetu, Makete, Njombe, Mafinga, watu wanaota jiko ndani milango imefungwa, lakini moshi wa mkaa usioonekana huwa unaua watu usingizini, na mgonjwa aliyekunywa dawa zinazoleta usingizi hata kichwa kikimuuma hataamka kusema. Mpashie chumba kabla hajalala ukitaka, halafu jiko litoke na dirisha lifunguliwe kidogo.

Kuna jambo dogo ambalo usipoambiwa hutaliwaza, blanketi likishuka mpaka miguuni. Mtu yeyote anakaa, anainama, analivuta. Kwa mgonjwa wa nyonga hapo ndo pabaya kuliko pote, amekaa miguu imenyooka na kiwiliwili kinaenda mbele, hizo nyuzi 90 zimeshapitwa. Nilichofanya nilishona vitanzi viwili vya kitambaa cha kitenge kwenye pembe za juu za blanketi, nikafunga kamba kila kimoja mpaka kwenye mbao ya kichwani. Likishuka anavuta kamba akiwa amelala hivyo hivyo. Mama aliicheka sana hiyo kamba siku ya kwanza, anasema nimemfunga kama mbuzi wa sikukuu, siku ya pili ananiuliza mbona ya kushoto ni fupi.

Kitanda chenyewe. Mkalishe ukingoni miguu ikanyage chini, umwangalie kwa pembeni: magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Yakiwa juu, kitanda ni kifupi. Mimi haraka haraka nikaweka tofali nne, moja kila mguu, nikajiona fundi. Mama alipokaa kitanda kikasogea, tofali moja likasaga kwenye sakafu ile sauti ya kukereta meno, mguu wa kitanda ukabaki umeshika ncha tu. Nilimdaka. Kesho yake nikaenda kwa fundi seremala akanichongea vigingi vinne vya mbao vyenye kishimo katikati, mguu wa kitanda unazama mle hauchezi. Fanya hivyo, usifanye yangu ya kwanza. Godoro lililobonyea katikati nalo ni tatizo, nyonga inazama kwenye shimo, ila usikimbilie kununua jipya, weka plaiwudi juu ya chaga kwanza uone.

Mkao wa kulala wa kuanzia ni chali, mto mmoja mnene katikati ya mapaja ukishuka mpaka kwenye vifundo, ili miguu iachane na vidole viangalie dari. Mito ya sufi ndo mizuri, inakaa unapoiweka, ile ya sponji inaruka. Chini ya goti la mguu uliopasuliwa usiweke mto wa kudumu usiku kucha hata kama anakuomba, nyonga itazoea kukunjika na itakuja kumsumbua kwenye kunyooka.

Kulala chali kunachosha, mgongo unawaka, na mtu aliyelala ubavu miaka 60 hawezi kubadilika kwa wiki. Dokta akiruhusu, alale ubavu ule mzima, nyonga mpya ikiwa juu, ila hapo mito iwe miwili na ishike kuanzia mapajani mpaka kwenye nyayo, maana mto wa magotini peke yake unaacha mguu kuanzia goti kushuka uning'inie na paja linageukia ndani. Kugeuka kwenyewe mnageuka kama gogo. Mama anakumbatia mto kifuani, anabana ule wa miguuni kidogo, mimi mkono mmoja begani mmoja nyuma ya nyonga, nasema "mama, moja, mbili," tatu tunaenda mabega na miguu pamoja. Shuka ya satini au hata gauni la satini linasaidia kuteleza. Ubavu wa oparesheni wenyewe sahau mpaka kidonda kipone na dokta aseme, wengi ni baada ya wiki 6. Kifudifudi usiguse kabisa bila ruhusa.

Kuingia kitandani: arudi kinyumenyume mpaka asikie kitanda nyuma ya miguu, mguu mbovu autangulize mbele, mikono ishike godoro, akae taratibu, ajisogeze ndani kwa makalio, ndipo miguu na kiwiliwili vigeuke kwa pamoja na wewe ukiubeba ule mguu. Kutoka, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitufundisha ashukie upande wa mguu uliopasuliwa, ili mguu uende nje na sio kuvuka katikati, kwa hiyo ikabidi tuhamishe kitanda chote kwenda ukuta mwingine. Angalia hilo kabla hajafika nyumbani, sio saa sita usiku.

Choo. Jamani choo cha kuchuchumaa hakuna, kufuta kabisa, kile cha Tukuyu kiko nje tena na mvua ya kule unaijua. Fundi akakata tundu kwenye kiti kigumu cha mbao chenye mikono, tukaweka ndoo yenye mfuniko chini, kikakaa hatua mbili toka kitandani. Kiwe kirefu kama kitanda, na kisitikisike. Mama aliona aibu, nikamwambia mama mimi ulinivua nepi, acha hizo. Maji anywe mengi mchana, kuanzia saa moja jioni apunguze. Taa ndogo ya sola iwake usiku kucha maana umeme wetu mnaujua, zulia na mikeka itoke njiani, woka, kile kifaa cha kushikilia akitembea, ikae upande anaoshukia.

Maumivu usiyasubiri mpaka saa saba usiku. Dawa ya jioni apewe kama nusu saa mpaka saa moja kabla ya kulala ili ikute usingizi unakuja. Panado kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa masaa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ukumbuke dawa nyingi za mafua nazo zina panado ndani. Tramado, ile dawa kali ya maumivu, inalewesha, akiamka usiku awe na mtu, na inafunga choo sana, hapo papai, mboga na parachichi za Rungwe zinafanya kazi. Kuna jirani alileta wazo la kikombe cha pombe apate usingizi, tukashukuru tukakataa, pombe na tramado ni hatari kwa kupumua. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, ya kununua dukani nayo usimpe kimya kimya, kama yuko kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda anaweza kutokwa damu tumboni. Barafu kwenye taulo dakika 15 hadi 20 inapunguza uvimbe kweli, ingawa kumwambia mtu wa Uyole mwezi wa saba aweke barafu unahitaji moyo.

Mchana wa mgonjwa ndo usiku wake. Akilala mchana mzima usiku atahesabu bati. Na wanaomlaza mchana ni wageni, wanakuja kumjulia hali kuanzia saa nne, wanaimba, wanaomba, wanakaa hapo hapo kitandani kwake godoro linabonyea, wakiondoka amechoka analala mpaka jioni. Nikawaweka sebuleni, viti vyao huko, saa kumi mwisho. Walinuna wawili watatu. Tukawa tunatembea na woka mpaka getini na kurudi, mara nne tano kwa siku, na kitandani anachezesha vifundo juu chini.

Haya usisubiri kukuche, mpeleke hospitali usiku huo huo: maumivu makali ya ghafla na mguu umeonekana mfupi au umegeuka na hawezi kuukanyaga, hapo nyonga inaweza kuwa imechomoka, usijaribu kuirudisha. Shavu la mguu kuvimba, kuuma na kuwa la moto. Kifua kubana au pumzi kukata. Kidonda kutoa usaha au homa kupanda.

Wiki ya nane dokta akamwambia aanze kujaribu ubavu wa kulia, akalala dakika kumi akaacha, kesho yake nusu saa. Sasa hivi anakwenda kokote, karudi Tukuyu, kiti cha choo kakigawa. Vigingi ndo amekataa kuvitoa, amebeba vyote vinne na kuvipachika kwenye kitanda chake kule, anasema miaka yote hiyo kumbe alikuwa analala kwenye kitanda cha kuku.