Somo: Kupanga makundi ya kamusi ya data za fuwele, kwa mfano wa chumvi ya Uvinza

Wakuu, somo nililoahidi ndilo hili. Kamusi ya data ni orodha ya majina yanayotumika kwenye faili za data, kila moja na ufafanuzi wake; kundi ni majina yanayokaa pamoja kwenye jedwali moja. Nimechagua chumvi kwa sababu chumvi ya Uvinza iko jikoni kwa karibu kila mtu hapa Kigoma. Mwaga punje chache kwenye karatasi nyeusi, ziangalie kwa lenzi: utaona vijisanduku. Kloridi ya sodiamu ni kati ya fuwele za kwanza kabisa kusomwa ndani kwa eksirei, kazi ya Lawrence Bragg mwaka 1913. Mashine ya eksirei ya kazi hiyo sisi hatuna. Vipimo hapa chini ni vya vitabuni.

Hatua ya 1. Kompyuta iache kwanza. Andika kwenye karatasi yote unayotaka kuyasema juu ya fuwele: urefu wa kingo za seli (kile kisanduku kidogo ambacho kikijirudia pande zote hujenga fuwele nzima), pembe zake, alama ya ulinganifu (inayosema jinsi atomu moja inavyorudiwa na nyingine sawa nayo ndani ya seli), atomu na mahali zilipo, joto wakati wa kupima.

Hatua ya 2. Hapa ndipo penye kazi. Kwa kila kundi jiulize: mstari mmoja wa jedwali hili ni kitu gani? Ukishindwa kujibu kwa maneno matatu, hilo si kundi moja.

Mimi nilianza na jedwali moja refu: jina la atomu, x, y, z (mahali ilipo, kwa sehemu ya urefu wa kila ukingo wa seli), urefu wa seli, joto. Likapendeza. Kisha nikapata vipimo viwili vya fuwele ileile, kimoja cha kelvini 293 na kingine cha kelvini 100. Fuwele ikipoa husinyaa, kwa hiyo urefu wa seli ni tofauti. Kila nilipoingiza wa pili, wa kwanza ulifutika. Usiku mzima nikailaumu programu, kumbe kosa ni langu: mstari wangu ulikuwa atomu, seli na kipimo kwa pamoja. Nikalivunja jedwali kuwa makundi matatu:

_kipimo.namba, _kipimo.joto
_seli.namba_kipimo, _seli.urefu_a, _seli.pembe_alfa
_atomu.namba_kipimo, _atomu.lebo, _atomu.x, _atomu.y, _atomu.z

Kinachotangulia nukta ni jina la kundi, kinachofuata ni jina la kitu chenyewe.

Hatua ya 3. Chagua ufunguo, yaani kitu kisichojirudia ndani ya kundi. Kwenye seli inatosha namba ya kipimo. Kwenye atomu ni namba ya kipimo pamoja na lebo (Na1 ya sodiamu, Cl1 ya klorini). Ukiongeza kundi la umbali kati ya atomu, lebo zake lazima ziwe zimo tayari kwenye kundi la atomu. La sivyo utapima umbali hadi kwa atomu isiyokuwepo.

Hatua ya 4. Kipimio (kama nanomita au gramu) kiandikwe ndani ya ufafanuzi wa kila jina, mtu asiachiwe achague. Fungu la dagaa la Kibirizi si fungu la Kasulu. Urefu wetu ni kwa angstromu (sehemu moja ya kumi ya nanomita): ukingo wa seli ya chumvi ni 5.640. Mwenzetu aliandika 0.564 kwa nanomita. Namba yake ni sahihi, lakini programu iliona atomu zimekaliana kichwani.

Hatua ya 5. Tofautisha "haijulikani" na "haihusiki". Ya kwanza weka alama ya kuuliza, ya pili nukta. Usiweke sifuri kamwe. Sifuri ni jibu.

Maswali ya wanakikundi

*Kutoka Kasulu:* Shikamoo mwalimu. Ujazo wa seli si unahesabika? Kwa nini upewe jina lake?

Marahaba. Mpe jina, na kanuni yake iandike kwenye ufafanuzi. Chumvi ni 5.640 × 5.640 × 5.640, yaani angstromu za ujazo 179.4. Ukikuta faili inasema 197.4, umeshamkamata aliyepindua tarakimu.

*Kutoka Ujiji:* Kaka, CIF, ule muundo wa faili za data za fuwele, ipo tangu 1991. Tunajisumbua nini?

Hujakosea. Kamusi zake, zinazosimamiwa na Umoja wa Kimataifa wa Kristalografia, zina seli, atomu, ulinganifu na mengine mengi. Tafuta huko kabla ya kubuni chochote. Majina ya Kiswahili hapo juu ni ya kujifunzia. Cha kuongeza ni kile kisichomo, mfano chemchemi yalikochotwa maji ya chumvi, nacho kipe kiambishi chako (herufi za mwanzo wa jina) kisigongane na cha mwingine.

*Kutoka Kibondo:* Seli ya chumvi ina atomu 8, sodiamu 4 na klorini 4. Mbona kwenye mfano wako wa darasani kulikuwa na mistari 2 tu?

Kwa sababu alama ya ulinganifu ilikuwepo, Fm-3m. Na1 iko 0, 0, 0 na Cl1 iko ½, ½, ½. Sita zilizobaki zinazaliwa na ulinganifu. Andiko hilo liwekwe kwenye ufafanuzi wa kundi la atomu: mstari mmoja ni atomu isiyozaliwa na nyingine. Kuna aliyeorodhesha zote 8 na ulinganifu akauacha palepale. Programu ikazizidisha tena kila moja kwa 4, na msongamano badala ya gramu 2.16 kwa sentimita ya ujazo ukatoka 8.65. Chumvi nzito kuliko chuma.