Digrii ya usimamizi wa zimamoto bila kuuza mashua: hesabu za aliyeko Lamu

Kosa la kwanza ni kuulizia karo ya muhula mmoja. Ulizia ya digrii nzima. Vyuo vya Marekani vinavyofundisha usimamizi wa zimamoto kwa intaneti hutoza kwa krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo, na digrii ya kwanza huwa na krediti 120. Tuseme krediti moja ni dola 300: jumla dola 36,000. Dola ikiwa shilingi 130, hizo ni shilingi 4,680,000. Mwenye diploma iliyokubaliwa kwa krediti 60 atalipa nusu yake, na nusu hiyo bado ni nzito kwa mshahara wa mzima moto wa kaunti.

Kwa hiyo anza nyumbani. Ukiingia tovuti ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo nchini Kenya, usikwame kwenye neno zimamoto; tafuta kozi za usimamizi wa majanga. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, kina kitivo kizima cha majanga na misaada ya kibinadamu. Digrii huhitaji alama ya wastani C+ ya KCSE. Aliyepata chini yake hupitia diploma kwanza. Mkopo ni wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Safari nayo iingie kwenye bajeti: boti hadi Mokowe, kisha basi hadi Mombasa, na Kakamega iko upande wa pili wa nchi.

Kabla ya kulipa popote, andikia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kuzima moto, hivyo bodi hiyo ndiyo itakayoipima digrii yako siku ya kupandishwa cheo. Taja jina kamili la kozi na la chuo, na udai jibu la maandishi. La mdomo, lililotolewa barazani baada ya kahawa, halina muhuri.

Ukiamua ng'ambo, angalia ithibati, yaani idhini ya ubora wa chuo. Columbia Southern University cha Alabama, kwa mfano, kina digrii ya uongozi wa zimamoto na kimeidhinishwa na DEAC, shirika la Marekani la kuidhinisha vyuo vya masomo ya mbali. Chuo kinachojisifu kwa ithibati ya shirika lisilotambuliwa na CHEA, baraza linalokagua mashirika ya ithibati, wala wizara ya elimu ya Marekani, kiache, hata kikiwa rahisi namna gani.

Pesa huokolewa kwenye kuhamisha krediti, na hapo ndipo wengi huumia. Wanatuma cheti cha diploma peke yake. Mtathmini wa vyeti vya kigeni, kama vile shirika la WES, hawezi kukisia ulisoma saa ngapi, basi anakupa krediti chache au hakupi kabisa. Chuo chako cha zamani kitume matokeo ya kila somo moja kwa moja. Wewe andaa silabasi zenye saa za darasani na za mazoezi. Agiza tathmini ya somo kwa somo. Ile ya jumla ni nafuu, lakini haihamishi somo hata moja. Kisha pata orodha ya masomo yaliyokubaliwa kabla ya kujisajili; ukishalipia somo ulilokwisha kulisoma, kurudishiwa ni shida.

Saa nazo zina mtego wake. Kazi ya mwisho saa 5:59 usiku, saa za mashariki ya Marekani, kwa Lamu ni saa 1:59 asubuhi ya siku ya pili, na wao wakisogeza saa mbele Machi inakuwa saa 12:59. Wasilisha jioni ya kabla yake, stima ikiwa bado ipo.