Kufufua Bodi ya Gemu ya Zamani Bila Kuiua Mara ya Pili

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumwelekeza kijana mmoja kwa simu. Alikuwa na bodi ya Pac-Man, yaani saketi ya ndani ya mashine ya gemu ya sarafu, inayojaza skrini herufi za ovyo, na chuma chake cha kulehemia kilikuwa kimeshapata moto. Jambo la kwanza nililomwambia ni akizime.

Bodi za miaka ya 1980 zinatengenezeka, kwa sababu karibu kila chipu iliyo juu yake ni ya kawaida na kazi yake inajulikana. Kinachoziua ni pupa ya kubandua chipu kabla ya kupima. Unahitaji mita, probu ya lojiki, chuma chenye kidhibiti joto, pampu ya kunyonya lehemu na kifaa cha kusomea epromu (chipu za romu zinazohifadhi programu ya gemu). Oskiloskopu ukiwa nayo ni heri, lakini kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua probu. Ni rahisi, na inakujibu papo hapo kama laini iko juu (ina volti), iko chini (karibu sifuri) au inadunda (inapanda na kushuka).

Hatua ya 1: Umeme

Tafuta mpangilio wa miguso ya bodi yako kabla ya kuunganisha chochote. Bodi za JAMMA, mfumo wa pamoja wa kuunganisha bodi ulioanza 1985, zina ukingo wa miguso 56, 28 kila upande. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake. Bodi ya Pac-Man ya 1980, kwa mfano, hupokea umeme wa AC wa volti 7 hivi na kuugeuza DC yenyewe. Ukichomeka kiunganishi kinyume, hatua zinazofuata hazitakufaa tena.

Pima volti 5 kwenye miguu ya chipu, si kwenye pawa saplai. Chipu za TTL, yaani zile ndogo za lojiki zilizojaa kwenye bodi hizi, zinataka kati ya 4.75 na 5.25. Pawa saplai ikisoma 5.1 na chipu ikasoma 4.6, umeme unapotea njiani, kwa kawaida kwenye kiunganishi. Kisafishe, usipandishe volti ili kufidia uchafu.

Hatua ya 2: Usafi

Kifutio cheupe kwenye ukingo, kisha spiriti ya isopropili. Chipu zilizo kwenye soketi zichomoe moja moja, sugua miguu, rudisha. Piga picha kwanza. Betri iliyovuja iondoe leo hii, pangusa alkali yake kwa siki kidogo, suuza, kausha vizuri.

Hatua ya 3: Kloki

Kloki ni mapigo yanayoiendesha prosesa. Gusa kwa probu mguu wa 6 wa Z80, ambayo ndiyo prosesa ya Pac-Man. Lazima udunde. Kama haudundi, rudi nyuma hadi kwenye kristali inayozalisha mapigo hayo.

Hatua ya 4: Riseti na wochidogi

Hapa ndipo usiku mzima unapoweza kuishia, kwa hiyo nitakaa.

Bodi nyingi za enzi hizo zina saketi ya ulinzi, wochidogi, ambayo kazi yake ni kuhesabu. Programu ikiwa hai huirudisha kwenye sifuri kila mara. Programu ikikwama, hesabu inafika mwisho na prosesa inaanzishwa upya. Kwenye Pac-Man hesabu hiyo ni fremu (picha za skrini) 16, yaani kama robo ya sekunde. Ndiyo maana bodi mbovu hujianzisha upya bila kukoma huku skrini ikibadilisha takataka moja kwa nyingine.

Gusa mguu wa riseti, wa 26 kwenye Z80 (kwenye 6502, prosesa nyingine ya enzi hizo, ni wa 40). Ukiwa juu muda wote, endelea. Ukiwa chini muda wote, prosesa imeshikiliwa, na hapo kweli saketi ya riseti ina shida. Ukidunda kwa mwendo uleule, ni wochidogi inabweka. Usiikimbilie kuibadilisha! Mara nyingi yenyewe ni nzima. Inapiga kelele kwa sababu programu haiendi, na mwizi yuko kwenye romu (chipu za programu), ramu (kumbukumbu ya muda) au laini zinazoziunganisha.

Ili upime kwa utulivu, inyamazishe. Angalia mchoro, kwani baadhi ya bodi zina jampa ya kazi hiyo. Kama hakuna, usiunganishe laini ya riseti moja kwa moja na volti 5 wakati chipu nyingine bado inaivuta chini, utaiunguza. Ninachofanya mimi ni kuweka soketi ya ziada chini ya prosesa na kukunja nje mguu wa 26 wa soketi hiyo. Sikunji mguu wa prosesa yenyewe, maana chuma cha zamani hukatika. Mguu uliokunjwa nauunganisha na volti 5 kupitia rezista ya kilo-ohmu 4.7.

Halafu kuna jambo ambalo watu husahau: ukifanya hivyo, prosesa haipati riseti hata unapowasha umeme, kwa hiyo inaanzia popote na vipimo vyako vyote ni uongo. Gusisha mguu huo na grauni kwa waya, kisha achia. Z80 inahitaji mapigo matatu tu ya kloki, kwa hiyo mguso wa haraka unatosha.

Sasa pima laini za data, miguu ya 7 hadi 10 na 12 hadi 15, kisha za anwani, 30 hadi 40 na 1 hadi 5. Laini iliyo kimya wakati jirani zake zinadunda ni mtuhumiwa. Lakini tahadhari: anwani za juu kabisa, kama mguu wa 5, zinaweza kuwa kimya kihalali kwa sababu programu haifiki huko. Miguu ya 24 na 25 nayo isibaki chini muda wote. Ikibaki, kuna kitu kinaisimamisha prosesa. Na pale probu isipowasha taa yoyote kwenye mguu wa kutolea wa chipu ya TTL ambayo haijaamriwa kuachia laini, chipu hiyo imekufa.

Hatua ya 5: Romu

Soma kila epromu zaidi ya mara moja na ulinganishe jumla hakiki (namba inayothibitisha kuwa data ni kamili) na zile zilizoorodheshwa ndani ya MAME, programu ya kompyuta inayoiga mashine hizi. Majibu yakibadilika kila unaposoma, safisha miguu tena kabla ya kuihukumu. Funika dirisha la kioo kwa kibandiko kipya.

Hatua ya 6: Ramu

Chipu za ramu aina ya 2114 hufa sana. Kuna mbinu ya kulaza chipu nzima juu ya ile inayoshukiwa, mguu kwa mguu. Inasaidia kama ya chini imenyamaza. Kama imeng'ang'ania juu au chini, haitakuonyesha lolote. Siipendi sana.

Hatua ya 7: Kutoa chipu

Usijaribu kuiokoa chipu. Kata miguu yake yote kwa koleo dogo, ondoa mwili, kisha toa mguu mmoja mmoja. Ongeza lehemu mpya kwenye tundu kabla ya kunyonya, chuma kikiwa nyuzi 350 hivi. Mguu wa grauni humeza joto. Usiuvute kwa nguvu, usubiri. Njia ya shaba ikibanduka utafanya kazi ya siku nyingine. Weka soketi ya matundu ya duara, zile za bei ya chini zenye ulimi mmoja ni ugonjwa wa kesho.

Mwisho, ondoa ile soketi ya ziada ili wochidogi irudi kazini. Washa bodi ikiwa baridi, kisha iache iwake hadi ipate moto, kwa sababu chipu iliyochoka mara nyingi huonyesha ubovu ikishapata joto.