Stata (programu ya takwimu): wastani wa kundi moja tu, na nukta iliyoniumbua

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne "napataje wastani wa wanawake peke yao?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hapa.

1. Fungua data, piga `describe` ujue safu zako zinaitwaje.

2. Kundi moja (hapa jinsia 2 ni wanawake):
`sum mapato if jinsia == 2`
Alama za sawasawa ni mbili. Ukitaka na mediani, malizia na `, detail`.

3. Makundi yote kwa mpigo:
`tabstat mapato, by(wilaya) stat(n mean median sd)`

4. Hapa tulieni. Nilitaka mapato ya wazee, nikaandika `sum mapato if umri >= 60`. Jibu likaja safi, hakuna maandishi mekundu, nikalipeleka kwa msimamizi. Akaniuliza, "Wazee 97 umewatoa wapi?" Kwenye madodoso walikuwa 58. Wale 39 hawakuwa na umri kabisa, mhojaji aliacha wazi. Stata huweka nukta penye pengo, na nukta kwake ni kubwa kuliko namba yoyote. Asiye na umri anahesabiwa mzee kuliko babu yako. Andika:
`sum mapato if umri >= 60 & !missing(umri)`
Jihadharini na `>`, `>=` na hata `!=`. Na kama dodoso lenu liliweka 99 kwa "hajui", `!missing` haitaiona, tangulieni na `mvdecode umri, mv(99)` (inageuza 99 kuwa nukta), baada ya kuhakikisha hamna bibi wa miaka 99 kweli. Someni Obs (idadi ya waliohesabiwa) kabla ya wastani. Mimi sikusoma.

Maswali

— Mkuu kwangu inagoma.
— Inagoma ikisemaje? Bandika amri yako.
— `sum mapato if jinsia = 2`
— Hatua ya 2.

— Si rahisi kufuta wengine kwa `keep if`?
— Rahisi sana, mpaka siku utakapo-save kwa mazoea. Ukishindwa kujizuia, anza na `preserve` (inatunza data ilivyo), maliza na `restore` (inairudisha).

— Kaka, naweza kumwekea kila mtu wastani wa wilaya yake pembeni?
— Swali zuri, dada. `egen wast_w = mean(mapato), by(wilaya)`, kisha `gen tofauti = mapato - wast_w`. Utaona nani kawazidi majirani zake. Angalizo: hata asiyetaja mapato atapewa wastani wa wilaya, ila tofauti yake itabaki nukta. Na kama sampuli yenu ina uzito (kila mtu anawakilisha idadi tofauti ya watu) na mmeshapiga `svyset` kuijulisha Stata muundo wake, msitumie `if` ya kawaida:
`svy, subpop(if umri >= 60 & !missing(umri)): mean mapato`
Kwa `if` wastani hautabadilika, lakini kosa sanifu (kipimo cha wastani unavyoweza kuyumba) linaweza kupotoka.

— Sisi wa R (programu nyingine ya takwimu) tuna nukta hiyo?
— Nyie mna bahati. `mean(mapato[umri >= 60])` ikikuta pengo inakurushia NA (alama ya pengo ya R) usoni. Shida yenu ni kuibandika `na.rm = TRUE` (yaani ruka mapengo) kila mahali bila kuhesabu wangapi wamedondoka.