Kuhesabu watu kwa kamera mlangoni: mwongozo kwa majengo ya Lamu

Siku za Maulidi, siku za tamasha la utamaduni na wiki ya mwisho wa mwaka, mtu wa mlangoni huulizwa swali moja: ndani kuna watu wangapi sasa hivi? Tiketi zinamwambia waliolipa, hazimwambii waliokwisha kutoka. Kamera ya usalama inaweza kumpa jibu, mradi ifungwe mahali pa kuhesabia. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kamera ya ulinzi hufungwa pembeni ikitafuta nyuso, na ya kuhesabia inatakiwa itazame vichwa. Ukiitumia ile ya ulinzi kuhesabu, watu watatu wakiingia kwa kufuatana, wa mbele huwafunika wa nyuma na mashine huandika mmoja.

Kutazama vichwa kuna faida nyingine kubwa katika mji kama huu: sura za watu hazirekodiwi. Kina mama hupita bila kuhisi wanakodolewa macho, na mwenye jengo hubaki na picha zisizomtambulisha mtu.

Kupima kabla ya kununua

Pima urefu kutoka sakafuni hadi pale kamera itakapokaa, kisha toa mita 1.7, kimo cha mtu mzima. Kinachobaki kizidishe kwa 2.4 ikiwa lenzi inaona upana wa nyuzi 100 (nyingi za milimita 2.8 ziko karibu na hapo), au kwa 1.7 ikiwa inaona nyuzi 80, kama zile za milimita 4. Jibu ndilo upana unaoonekana kwenye usawa wa vichwa. Kamera ya mita 3 yenye nyuzi 100 huona 1.3 × 2.4, yaani mita 3.1. Dari ikiwa ya mita 2.4 unapata mita 1.7 tu, na sentimita 30 za kila upande usizitegemee kwa sababu vichwa huko hukatika. Kilichobaki ni mita 1.1. Mafundi wengi hupima upana wa sakafuni, wakaridhika, kisha wakashangaa kwa nini warefu hawahesabiwi.

Kuna njia mbili za kununua. Ya kwanza ni kamera iliyotengenezwa kwa kuhesabu, inayofungwa ikitazama chini kabisa. Zile za lenzi mbili hupima hata kimo, kwa hiyo unaweza kuiambia iwaache watoto walio chini ya mita 1.2. Ya pili ni kutumia kamera ya kawaida uliyonayo na kuchukua mkondo wake wa video kupitia mtandao (huitwa RTSP) hadi kwenye kompyuta ndogo yenye programu ya kutambua watu, kwa mfano YOLO. Kwa njia hii ya pili, usiielekeze kamera chini kabisa. Programu hizo kwa kawaida zimefunzwa kwa picha za watu wanaoonekana kutoka mbele au ubavuni. Ukizionyesha utosi na mabega peke yake, mara nyingi hazijui kuwa huyo ni mtu. Iinamishe kiasi cha nyuzi 45 na ukubali kupoteza wachache wanaofichana.

Kasi ya picha isishuke chini ya 10 kwa sekunde. Mtu huenda mita 1.4 kwa sekunde. Kwa picha 2 kwa sekunde anaruka sentimita 70 kati ya picha na picha, na programu humchukua kuwa ni mtu mwingine.

Mahali na mstari

Nyumba za mawe za Lamu zina daka, yaani kibaraza kilichofunikwa mbele ya mlango, na daka ni mahali pazuri sana pa kuhesabia: pana kivuli, pamefunikwa, na kila anayeingia lazima apite. Tatizo lake ni baraza. Wazee wakikaa pale na miguu imenyooshwa, kila mguu unaocheza juu ya mstari wa kuhesabia, ule unaochorwa kwenye picha ili anayeuvuka ahesabiwe, unaweza kuandikwa kuwa ni mgeni. Basi mstari wa kuhesabia usiuchore kutoka ukuta hadi ukuta. Uishie sentimita 40 kabla ya ukingo wa baraza kila upande. Usiupitishe pia penye ubao wa mlango, kwa kuwa ubao ukifunguka hufanya mwendo. Usogeze ndani sentimita 60 hadi 80, mbali na meza ya tiketi. Kanuni ni hii: mstari uwe mahali ambapo hakuna anayesimama.

Kwa sababu hiyo usitarajie hesabu ya kweli ukichora mstari katikati ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, au pwani penye gati. Watu husalimiana juu ya mstari, hurudi hatua mbili, punda waliobeba mchanga hupita katikati yao, na rukwama nyuma ya punda. Mahali pa wazi pahesabiwe kwa eneo, kama nitakavyoeleza chini.

Kabla ya kutoboa chochote, kumbuka Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Pata kibali cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwanza. Hata ukipewa, dreli katika ukuta wa matumbawe na plasta ya chokaa ni kazi mbaya: chokaa humeguka, tundu hupanuka, plagi haishiki. Tumia klampu ya mkanda kwenye boriti, na kipande cha mpira katikati ili mti usichubuke. Kebo ifuate boriti kwa vifungo vya plastiki visivyoharibiwa na jua. Nunua kebo ya mtandao ya Cat6 ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba huoza kwa chumvi kwenye viungio, na hupoteza umeme njiani. Umbali kati ya swichi ya PoE (inayopitisha umeme kwenye kebo ile ile ya mtandao) na kamera usizidi mita 100.

Skrubu na klampu ziwe za chuma cha pua daraja la 316. La 304 huota kutu ya madoa kwenye hewa ya bahari. Kiungio cha kebo kifungwe ndani ya kasha la IP66, lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa, na tundu la kebo litazame chini ili maji ya mvua ya kusi yadondoke badala ya kuingia.

Mipangilio

Weka 50 Hz, ndiyo ya umeme wa Kenya. Kwenye 60 Hz taa zitamemeta na programu itaona mwendo usiokuwapo. Washa WDR (inayosawazisha mwanga mkali na giza katika picha moja), kwa sababu mlango unaotazama pwani hupigwa na jua la asubuhi na kila anayeingia huwa kivuli cheusi. Usiku zima taa za infraredi za kamera. Wadudu, buibui na mjusi kafiri hukusanyika hapo, na utando mmoja mbele ya lenzi hung'aa kama pazia. Badala yake fungia taa ya LED ya wati 10 hadi 15 mita moja pembeni ya kamera.

Mavazi meusi ya buibui juu ya sakafu nyeusi ni mtihani kwa kamera: kina mama watatu wakitembea bega kwa bega usiku huonekana kitu kimoja. Mwanga ukiongezwa hausaidii kama sakafu haibadiliki. Sakafu ya chokaa hutatua jambo hili yenyewe. Kwa saruji nyeusi, bandika zulia la rangi ya mchanga chini ya kamera, kingo zake zikiwa zimegandishwa ili lisimkwaze mtu.

Saa ya mashine iwe UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, na ijirekebishe kwa mtandao. Kwenye fomu ya ripoti andika saa zote mbili, 09:00 na saa 3 asubuhi, sambamba katika kila mstari. Ripoti zikichanganya saa za mashine na za Kiswahili, kilele cha wageni huhama kwa saa sita na hakuna anayegundua hadi zamu zimepangwa ovyo.

Jaribu kwa mkono

Usiamini namba yoyote kabla ya hili. Kaa mlangoni na kihesabio cha kubofya, mwenzako na kingine. Mmoja ahesabu wanaoingia, mwingine wanaotoka. Endeleeni hadi mivuko 200 itimie. Fanyeni mara tatu: asubuhi tulivu, wakati wa kilele, na baada ya Isha. Mkono ukisema 214 na kamera 203, kosa ni 11, yaani asilimia 5.1. Asilimia 5 au chini yake mlangoni inatosha. Kuingia na kutoka visijumlishwe pamoja, kwani makosa mawili yanaweza kufutana na kukupa matumaini ya bure.

Hata kosa dogo hujilimbikiza katika hesabu ya waliomo ndani. Tuseme kamera hukosa asilimia 3 ya wanaoingia na asilimia 1 ya wanaotoka. Wakipita watu 1,000 na wote wakatoka, itakuwa imeandika 970 na 990: jengo lina watu 20 pungufu ya sifuri! Kwa hiyo irudishwe sifuri kila siku jengo likiwa tupu, na siku ya sherehe ndefu mtu azunguke ndani ahesabu kila saa mbili, kisha namba isahihishwe.

Kumbuka pia kamera huhesabu mivuko. Aliyetoka kununua maji ya ukwaju akarudi amehesabiwa mara mbili, na mwongozaji wa wageni huingia mara nyingi kwa siku. Wafanyakazi na waongozaji wapewe mlango wao, au hesabu siku moja kwa mkono upate wastani wa kutoa.

Msongamano

Pima uwanja wa ndani, toa jukwaa, meza na mabaraza. Ua wa mita 12 kwa 15 ni mita mraba 180. Vitu vikichukua 60, zimebaki 120. Kwa sherehe yenye watoto na wazee, mimi huweka watu 2 kwa mita mraba, yaani 240. Mwongozo wa Uingereza wa viwanja vya michezo huruhusu hadi 4.7 kwa wanaosimama, lakini huko kuna vizuizi na wasimamizi waliofunzwa. Usiuige.

Kisha angalia mlango wa kutokea. Mwongozo huo huo huhesabu watu 82 kwa dakika kwa kila mita ya upana kwenye sakafu tambarare, na 66 kwenye ngazi. Mlango wa mita 1.5 ungetoa 123 kwa dakika. Kwa kuwa milango yetu ina vizingiti vya juu, chukua nusu, 61. Watu 240 watatoka kwa dakika nne. Ukiona ni nyingi, punguza watu.

Tahadhari ya kwanza iwe asilimia 70, yaani 168. Ikifika 85, yaani 204, mlango uingize kwa kupokezana: anatoka mmoja, anaingia mmoja. Ukingoja 240, waliokwisha kusimama nje watasukuma.

Kwa mahali pa wazi, chora eneo kwenye picha na uiambie programu ihesabu waliomo kila sekunde 10, kisha uchukue wastani wa dakika. Tahadhari: kadiri watu wanavyobanana, ndivyo vichwa vinavyofichana, na mashine hupunguza hesabu pale pale unapoihitaji zaidi. Chukua picha tano za viwango tofauti, hesabu vichwa kwa kidole, na uandike programu ilikosa kiasi gani katika kila kiwango. Jedwali hilo libandikwe karibu na skrini.

Sheria, stima na chumvi

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inagusa picha za watu wanaotambulika. Weka tangazo kabla ya mlango, kwa Kiswahili na Kiingereza: nani anarekodi, kwa nini, picha hukaa siku ngapi, na nambari ya kupiga. Zima utambuzi wa nyuso. Picha zifutwe mapema. Ukihifadhi hesabu peke yake, faili la mwaka mzima huwa dogo sana. Ukihifadhi video kwa megabiti 4 kwa sekunde, kamera moja hula gigabaiti 43 kwa siku.

Kamera, swichi na mashine ya kurekodia hula takriban wati 30 kwa pamoja. UPS, kifaa cha akiba stima ikipotea, yenye betri ya volti 12 na saa-ampea 7 itakuvusha saa moja na nusu hivi ikiwa betri ni mpya. Chomoa plagi siku ya majaribio uone kama namba ya waliomo ndani inabaki, kwani baadhi ya kamera huanza upya sifuri stima ikirudi. Ikiwa yako ni hivyo, kihesabio cha kubofya kikae mlangoni daima, na mlinzi aandike namba ya skrini daftarini kila nusu saa.

Kila wiki futa lenzi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi, ya mvua au ya chupa, kamwe si kikavu, maana chembe za chumvi hukwaruza. Wakati wa kaskazi vumbi na chumvi hushika haraka zaidi upande wa pwani. Huko ifutwe mara mbili. Ukishuka ngazi, pita chini ya kamera mara kumi ukiingia na kumi ukitoka. Namba zisipolingana, huenda klampu imelegea na picha imehama.