Somo: Jinsi ya kuipiga kazi kalenda bila kuonekana mvivu

Wakuu, somo la leo ni la vitendo. Linamhusu mtu mwenye kazi moja inayomsubiri tangu wiki iliyopita, ambayo kila akiikumbuka ghafla anasikia kiu na kuinuka kwenda kunywa maji. Asiye na kazi ya namna hiyo apite tu, hatutaelewana.

Mahitaji: kazi moja nzito, tarehe ya mwisho iliyo mbali kidogo, na simu yenye chaji.

Hatua ya 1: Chagua kazi inayochezeka

Si kila kazi inafaa kupigwa danadana. Kufunga dirisha mvua ikianza hakuahirishiki, maji yataingia. Tafuta kazi isiyo na mwanzo unaoeleweka: "kuandika ripoti", "kupanga makaratasi", "kumjibu yule mtu". Hiyo ya tatu ni tamu kuliko zote, maana kadiri unavyochelewa kumjibu ndivyo jibu linavyotakiwa kuwa refu na la heshima zaidi, na kadiri linavyotakiwa kuwa refu ndivyo unavyozidi kuchelewa. Ujumbe wa maneno matano unaweza kukuweka mjini miezi mitatu.

Hatua ya 2: Tangaza saa ya kuanza

Sema wazi: naanza saa tatu kamili. Ukichungulia saa ukakuta ni tatu na dakika saba, basi tena. Mtu mwenye heshima zake haanzi kazi saa tatu na dakika saba. Ngoja saa nne. Saa nne ikiponyoka, anza mchana. Mchana ukipita, Jumatatu. Jumatatu ikiharibika, tarehe mosi.

Hatua ya 3: Andaa mazingira

Hapa ndipo penye utaalamu. Huwezi kufanya kazi kwenye meza chafu, kwa hiyo safisha meza. Meza ikisafishika, droo inakutazama. Ifungue. Ndani kuna kalamu nyingi na hujui ipi inaandika, zijaribu zote kwa kuchora viduara. Chini ya kalamu kuna picha za zamani. Huwezi kuzirudisha bila kuzitazama moja moja. Kwenye picha yumo rafiki mliyepoteana, mtafute. Kufika jioni nyumba inang'aa, nguo zimekunjwa, rafiki amepatikana na ana watoto wawili. Kilichobaki ni ripoti tu.

Ndiyo maana naudhika mtu akituita wavivu. Mvivu amelala. Sisi tunatoka jasho! Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha ni namna ya kutuliza hisia zaidi kuliko kushindwa kupanga muda. Kazi inakuletea woga au uchovu wa moyo, ukiisogeza unapata nafuu papo hapo, na gharama anaachiwa mtu mwingine: wewe wa wiki ijayo. Huyo hatumhurumii hata kidogo. Tunamwazia kama jitu lenye nguvu, linaloamka alfajiri na halishiki simu.

Hatua ya 4: Fanya utafiti

Kabla ya kuanza, tazama video inayofundisha jinsi ya kuanza. Ikiisha, itakuja nyingine yenyewe.

Hatua ya 5: Kadiria muda kwa moyo mkunjufu

Jiambie kazi hii ni ya saa mbili. Usiangalie kazi kama hiyo mara iliyopita ilikula muda gani, utajiharibia siku. Katika utafiti wa Buehler, Griffin na Ross uliochapishwa 1994, wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliulizwa watamaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema kama 34. Wakaulizwa tena: na mambo yote yakienda mrama? Wakasema karibu 49. Wakatumia zaidi ya 55. Kwa hiyo hata balaa tunalikadiria kwa matumaini.

Hatua ya 6: Zimamoto

Usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho, kazi inafanyika. Haielezeki. Vidole vinakimbia, choo hukikumbuki. Asubuhi unaikabidhi ukiwa na macho mekundu na kuapa kwamba safari ijayo utaanza mapema. Rudi hatua ya 1.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, hivi na wenye akili zao wanaahirisha, au ni sisi tu?*

Mkuu, tulia nikupe kisa. Mwanauchumi George Akerlof alikuwa akiishi India, mwenzake Joseph Stiglitz akamtembelea na kumwachia sanduku la nguo alitume Marekani. Akerlof mwenyewe alisimulia katika makala ya 1991: kila asubuhi, kwa zaidi ya miezi minane, aliamka akiamua kwamba kesho ndiyo siku ya kulituma. Maelezo yake ni mazuri: usumbufu wa leo unauona kwa macho, hasara ya kuchelewa siku moja ni ndogo, basi kila siku uamuzi unaonekana sahihi. Ukijumlisha ndipo unakuta miezi minane. Mwaka 2001 aliyecheleweshewa sanduku na aliyelichelewesha wakapewa Nobeli ya uchumi pamoja, wakiwa na Michael Spence.

*Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.*

Wahenga haohao walisema haraka haraka haina baraka. Mimi namsikiliza mhenga kulingana na kazi iliyopo mezani.

*Hakuna njia ya kumaliza kazi bila kuacha tabia hii?*

Ipo. John Perry, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliiandikia makala, na mwaka 2011 ikampatia tuzo ya Ig Nobel ya fasihi, ile inayotolewa kwa mambo yanayochekesha kwanza kisha yanafikirisha. Juu kabisa ya orodha weka kazi inayoonekana kubwa na ya haraka, lakini ambayo ukweli ikichelewa hakuna atakayekufa. Katika kuikimbia hiyo, utazifanya zote zilizo chini yake.

*Si kujidanganya huko?*

Ndiyo, na kwenye kujidanganya sisi si wageni.

*Mimi nina kazi moja tu, nayo imenishinda.*

Tatizo ni hilo, ndugu yangu. Mwenye kazi moja akiikimbia anaangukia kitandani. Ongeza nyingine mbili tatu upate pa kukimbilia.

*Mimi siahirishi, ila namsubiri anayeahirisha. Nimfanyeje?*

Pole sana. Usimwambie "mwisho wa wiki", hiyo kwake ni nchi ya mbali. Mwombe kitu kidogo tena kibovu, leo: aya moja, hata ikiwa na makosa. Ukiruhusu ubovu, nusu ya woga wake inaondoka. Ila usijaribu kumdanganya tarehe, ukasema Jumatano wakati unahitaji Ijumaa. Utafanikiwa mara moja. Mara ya pili ataitikia "sawa, Jumatano", kisha ataanza kazi Alhamisi usiku.